PANYA WA KAHAWIA: MWIZI WA GHALA, MWALIMU WA MAABARA

Katika magazeti ya shule ndovu, simba na twiga wamesifiwa hadi sifa zimewachosha wenyewe. Mwaka huu nimeona tumpe zamu mnyama ambaye hana wa kumsifu. Akipita bwenini usiku, hata yule kidume wa Kidato cha Nne hurukia kitanda cha juu akipiga unyende! Ninamzungumzia panya, na hasa panya wa kahawia, ambaye wataalamu humwita kwa Kilatini Rattus norvegicus.

Najua kuna atakayeuliza, "Panya naye ana nini cha kuandikiwa makala?" Subira, ndugu yangu. Ni wanyama wachache mno waliotegwa, wakapewa sumu na kufukuzwa na binadamu kama huyu. Tena ni wachache mno waliomfunza binadamu kiasi alichofunzwa na huyu. Jambo la kushangaza ni kwamba sababu ni zile zile. Panya wa kahawia ni mwenye tahadhari, hujifunza upesi, na huishi kwa kutegemea wenzake. Sifa hizo tatu ndizo zinazomfanya adui mgumu kumshinda ghalani, na ndizo zilizompa kazi ya ualimu katika maabara. Hebu tuzitazame moja baada ya nyingine.

NI PANYA YUPI HASA?

Kwanza tuondoe utata, maana si kila panya ni wa kahawia. Panya wa kahawia ni mnene na mzito. Mwili wake, bila mkia, hufika sentimita 20 hadi 25, na uzito wake huwa kati ya gramu 200 na 500. Pua yake ni butu, masikio ni madogo, na mkia ni mfupi kuliko mwili. Hupenda maisha ya chini: mashimo ya ardhini, mifereji ya maji machafu, kingo za mito, maghala na bandari. Kuogelea anajua sana.

Ndugu yake, panya mweusi, ni mwembamba. Masikio yake ni makubwa na mkia wake ni mrefu kuliko mwili. Huyo ni hodari wa kupanda, ndiye anayekimbia darini usiku kama aliyechelewa gwaride. Barani Afrika, panya mweusi ameenea hadi vijijini, lakini yule wa kahawia hupatikana zaidi katika miji ya bandari na miji mikubwa. Kwa hivyo ukimwona panya, usikimbilie jina. Tazama mkia kwanza, ukipata ujasiri.

Kuna pia panya buku wa Afrika, mkubwa kuliko wote hawa. Jamaa zake wanafunzwa mjini Morogoro, Tanzania, kunusa mabomu yaliyotegwa ardhini. Mmoja wao aliyeitwa Magawa alitunukiwa nishani ya dhahabu mwaka 2020 kwa kazi aliyoifanya Kambodia, akafa mwaka 2022. Huyo tunamheshimu, ila si huyu tunayemzungumzia leo.

JINA LA KUSINGIZIWA

Neno norvegicus maana yake ni "wa Norwe". Mwaka 1769 Mwingereza John Berkenhout alimpa panya huyu jina hilo, kwa sababu Waingereza waliamini kwamba aliletwa kwao na meli kutoka Norwe. Masikini Norwe, ilisingiziwa bure! Wataalamu wanaamini kwamba asili ya panya huyu ni mashariki ya Asia, pande za kaskazini mwa Uchina na Mongolia. Kutoka huko alifuata misafara na mizigo ya wafanyabiashara kuelekea magharibi. Mtaalamu Peter Simon Pallas aliandika kwamba mwaka 1727 makundi ya panya yalionekana yakivuka mto Volga, huko Urusi. Katika karne hiyo ya 18 alienea Ulaya, akapanda meli na kuvuka bahari hadi Marekani na kwingineko. Leo yupo katika kila bara isipokuwa Antaktika.

Hakuhitaji tikiti wala pasi. Popote binadamu alipopeleka nafaka na takataka, alimkuta panya amekwisha kupanga chumba.

MWENYE MENO, MASHARUBU NA TAHADHARI

Panya ana meno 16. Manne ya mbele, mawili juu na mawili chini, hayaachi kukua maisha yake yote. Ndiyo maana hana budi kuguguna: mbao, plastiki, hata mabomba ya risasi. Meno hayo yana rangi ya manjano kwa sababu kuna chembe za chuma katika gamba lake la nje. Kwa hivyo usidhani hapigi mswaki. Ile ni silaha.

Macho yake ni dhaifu, lakini masharubu yake ni kama vidole. Huyatikisa mara nyingi kila sekunde akipapasa ukuta gizani. Ndiyo sababu hupenda kupita kandokando ya ukuta, njia ile ile kila siku. Akipata upenyo wa sentimita 2 au 3, hupita.

Kuhusu uzazi, si mchezo. Mimba ya panya huchukua siku 21 hadi 23. Huzaa watoto wanane hivi kwa wastani, wakiwa uchi na vipofu, nao hufumbua macho wakiwa na siku 14 hivi. Mama anaweza kushika mimba nyingine siku moja tu baada ya kuzaa. Baada ya miezi mitatu hivi, mabinti zake nao huwa tayari kuwa mama. Wewe mwenye penseli piga hesabu mwenyewe!

Lakini hesabu ya karatasini haiwi kamili duniani. Porini panya wengi hawafikishi hata mwaka mmoja. Mwaka 1947, mtaalamu John Calhoun alifuga panya wa kahawia katika uwanja uliozungushiwa ua huko Maryland, Marekani, akawapa chakula bila kipimo. Kwa hesabu, katika muda wa miaka miwili na miezi kadhaa wangeweza kufika 5,000. Hawakufika. Idadi yao ilisimama kwenye 150 hivi, wakiwa wamegawanyika katika vikundi vidogo vya panya kumi na wawili hivi kila kimoja. Wahenga walisema panya wengi hawachimbi shimo. Mimi sithubutu kuwasahihisha wahenga, ila nitaongeza kwamba panya wachache wanaojuana huchimba, tena shimo lenye vyumba, ghala na mlango wa dharura.

Sasa tufike kwenye siri kubwa ya jamaa huyu. Panya hawezi kutapika. Chochote kilichomezwa kimemezwa. Mnyama wa namna hiyo akila ovyo atakufa mapema, na kwa hivyo panya wa kahawia huogopa kitu chochote kipya. Ukiweka mtego mpya au chakula kigeni kwenye njia yake, anaweza kukizunguka kwa siku kadhaa bila kukigusa. Akikionja, huonja kidogo tu, kisha hungoja. Tumbo likimuuma, hatakigusa tena chakula chenye ladha ile.

Hajifunzi peke yake tu. Mtaalamu Bennett Galef wa Kanada alionyesha kwamba panya humnusa mwenzake mdomoni akijua alichokula. Baadaye, akikutana na vyakula viwili asivyovijua, huchagua kile alichokinusa kwenye pumzi ya mwenzake. Yaani panya huamini chakula ambacho mwenzake amekila na bado anapumua. Mama mwenye busara anamshauri mwanawe nini zaidi ya hayo?

SUMU ILIYOGEUKA DAWA

Tahadhari hii iliwasumbua sana watengenezaji wa sumu. Sumu kali iliua panya mmoja wa kwanza, na wengine wakaacha chakula kile. Basi mwaka 1948 ikaja sumu ya namna nyingine, iitwayo warfarini, iliyotokana na utafiti wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani. Sumu hii huzuia damu kuganda. Panya akiila leo hahisi kitu. Hufa baada ya siku kadhaa kwa kuvuja damu ndani ya mwili. Kwa kuwa ugonjwa huja baada ya muda mrefu, panya hawezi kuuhusisha na chakula alichokula. Mwerevu ameshindwa kwa hila.

Lakini subiri. Mwaka 1954 dawa hiyo hiyo iliruhusiwa kutumiwa na binadamu ambao damu yao huganda vibaya mishipani. Mwaka 1955, Rais Dwight Eisenhower wa Marekani alipougua moyo, alipewa warfarini. Hadi leo kuna wagonjwa wanaoinywa kwa kipimo cha daktari. Nao panya? Mwaka 1958 huko Uskoti walionekana panya wa kahawia ambao sumu hiyo haiwaui tena. Wachache waliozaliwa na kinga walibaki, wakazaa, na kinga ikaenea. Wanafunzi wa Biolojia, hapo mmepata mfano wa uteuzi wa kiasili usiotoka kitabuni.

MADHARA YAKE SI MZAHA

Nisieleweke vibaya. Simtetei panya kama wakili aliyelipwa. Panya hula nafaka, na kile asichokula hukichafua kwa mkojo na kinyesi. Mkojo wake unaweza kuwa na bakteria wa ugonjwa wa leptospirosi, ambao huingia mwilini kupitia maji machafu na vidonda vidogo vya ngozi, ukadhuru ini na figo. Panya wa aina mbalimbali pia hubeba viroboto wanaoeneza tauni.

Sisi Wakenya tauni tunaijua. Nairobi ilianza mwaka 1899 kama kituo cha reli, na kufikia mwaka 1902 soko la Wahindi lilikuwa limesongamana bila mifereji mizuri. Tauni ilipozuka humo mwaka huo, wakuu wa serikali ya kikoloni waliamuru soko lichomwe moto. Mali ya watu iliteketea. Soko lilijengwa tena, na kwa kuwa hali ya usafi haikubadilika vya kutosha, tauni ilirudi katika miaka iliyofuata.

Mwaka huo huo wa 1902, mbali sana na hapa, mji wa Hanoi huko Vietnam ulikuwa na kisa cha kuchekesha na kusikitisha pamoja. Wafaransa waliotawala huko walikuwa wamejenga mabomba mazuri ya maji machafu chini ya mitaa yao. Panya wa kahawia wakaona wamejengewa barabara kuu! Kwa hofu ya tauni, serikali iliajiri watu washuke mabombani kuwaua. Kuna siku ya mwezi Juni ambapo panya waliouawa walizidi 20,000, na bado hawakuisha. Ndipo serikali ikatangaza kwamba mwananchi yeyote atakayeleta mkia wa panya atalipwa. Mikia ikaletwa kwa wingi, wakubwa wakafurahi. Kumbe! Panya wasio na mikia wakaanza kuonekana mitaani. Watu walikuwa wakikata mkia na kumwachilia panya akazae zaidi. Wengine wakaanza kuwafuga hasa. Zawadi ikafutwa, na mji ukabaki na panya wake.

Funzo la Hanoi ni wazi: ukilipia mikia, utapata mikia, hutapata mji usio na panya.

Je, panya hashindwi? Hushindwa, lakini kwa kazi ya mpango. Jimbo la Alberta nchini Kanada lilianza kampeni mwaka 1950, panya wa kahawia walipofika mpakani mwake. Wakaguzi walikagua mashamba ya mpakani, wananchi wakafundishwa kuwatambua na kutoa habari, na hadi leo hairuhusiwi hata kumfuga kama kipenzi. Panya wachache wakiingia husakwa mara moja, na kwa hivyo jimbo hilo husifika kuwa halina panya waliofanya makazi. Mfano mwingine ni kisiwa cha Georgia Kusini, karibu na Antaktika. Meli za wawindaji wa sili na nyangumi zilipeleka panya huko, wakala mayai na makinda ya ndege wanaotaga chini. Kati ya mwaka 2011 na 2015 helikopta zilimwaga chambo chenye sumu kisiwani, na mwaka 2018 kisiwa kikatangazwa kuwa huru. Ndege wakarudi kutaga.

PANYA KATIKA SANAA

Binadamu akiogopa kitu, hukitungia hadithi. Huko Ujerumani wanasimulia juu ya mji wa Hamelin, ambapo mpiga zumari aliwavuta panya wote hadi mtoni wakazama. Wenye mji walipokataa kumlipa, akapiga zumari tena na kuwachukua watoto wao. Kisa hicho kinasemekana kilitokea mwaka 1284. Lakini simulizi za kale zaidi zinataja watoto tu. Panya waliongezwa katika karne ya 16. Hata kama walikuwapo, hawakuwa wa kahawia, maana huyo alienea Ulaya karne nyingi baadaye. Unaona jinsi panya anavyobebeshwa hata makosa ya binamu yake?

Waandishi wa Ulaya walimtumia panya kama alama ya hofu. Albert Camus, katika riwaya yake La Peste ya mwaka 1947, anaanza maafa ya mji wa Oran, Algeria, kwa panya wanaotoka mashimoni kufa hadharani. George Orwell, katika riwaya yake ya Nineteen Eighty-Four iliyotoka mwaka 1949, anamvunja shujaa wake kwa kumwonyesha kile anachokiogopa kuliko vyote: panya.

Lakini hawakumtukana wote. Kwa Wachina, panya ndiye wa kwanza katika mzunguko wa miaka 12. Wanasimulia kwamba katika mashindano ya wanyama alipanda mgongoni mwa ng'ombe, na walipokaribia mwisho akaruka mbele akashinda. Kwao panya ni alama ya werevu na mali. Mwaka wa panya wa karibuni ulikuwa 2020. Mwandishi Mwingereza Beatrix Potter alitoa mwaka 1908 kitabu cha watoto chenye panya wawili wezi, akakitabaruku kwa panya wake mweupe aliyemfuga, aliyeitwa Sammy. Na mwaka 2007 sinema ya Ratatouille ilimfanya panya kuwa mpishi mjini Paris. Watu waliokuwa hawataki panya jikoni walilipa kiingilio wamwone akipika!

Nasi katika Kiswahili hatukumsahau. Tunasema paka akiondoka panya hutawala. Mtu anayekudhuru huku akijifanya mwema tunamwambia anauma na kupuliza kama panya. Na mfanyabiashara wa magendo anayekwepa forodha tunasema amepitia njia za panya. Tazama tena ile tabia ya kupita kandokando ya ukuta gizani, utakubali kwamba waliotunga msemo huo walikuwa watazamaji hodari.

KUTOKA ULINGONI HADI MAABARA

Je, panya aliingiaje maabara? Aliingia kupitia mchezo wa kikatili. Katika karne ya 19 watu wa London walikuwa wakiweka panya wengi ulingoni, wakamwachilia mbwa, na kuwekeana dau juu ya idadi atakayoua kwa muda fulani. Panya wengi walihitajika, na wakamataji walipata kazi. Mmoja wao, Jack Black, aliyejinadi kuwa mkamata panya wa Malkia Victoria, alikuwa akiwatenga wale wenye rangi za ajabu, akiwemo zeruzeru, na kuwazalisha kama vipenzi. Panya weupe wa namna hiyo waliozoea mkono wa binadamu ndio waliovutia wanasayansi. Mwaka 1906, Taasisi ya Wistar huko Philadelphia, Marekani, ilianza kuzalisha ukoo maalumu wa panya weupe kwa ajili ya utafiti. Kwa hivyo yule panya mweupe mwenye macho mekundu unayemwona katika picha za vitabu ni panya wa kahawia aliyepoteza rangi.

Alifundisha nini? Mwaka 1901, Willard Small wa Chuo Kikuu cha Clark alitengeneza mzingile, yaani njia zilizopindapinda zenye mwisho uliozibwa, akiiga bustani maarufu ya Hampton Court huko Uingereza. Panya walijifunza njia hadi chakulani, na kuanzia hapo wataalamu wakapata namna ya kupima kujifunza. Mwaka 1913, Elmer McCollum na Marguerite Davis walilisha panya vyakula vya mafuta tofauti. Waliopewa mafuta ya nguruwe au ya zeituni walidumaa. Waliopewa siagi au kiini cha yai walinawiri. Hivyo ndivyo vitamini A ilivyogunduliwa. Tunapohimizwa kula mboga za majani na karoti tusipate upofu wa usiku, nyuma ya ushauri huo kuna panya.

Mwaka 1971, John O'Keefe na mwenzake mjini London waligundua katika ubongo wa panya seli zinazowaka panya anapofika mahali fulani tu. Akisimama pembeni seli hii huwaka; akienda mlangoni, huwaka nyingine. Yaani ubongo una ramani. Mwaka 2005, mume na mke, Edvard na May-Britt Moser, na wanafunzi wao waligundua seli nyingine zinazopima nafasi kama mistari ya karatasi ya grafu. Mwaka 2014 O'Keefe na hao wawili walipewa Tuzo ya Nobel. Akina Moser walifanyia kazi hiyo wapi? Norwe! Nchi iliyosingiziwa panya mwaka 1769 hatimaye ilipata heshima kwa panya. Sehemu hizo za ubongo ndizo huathirika mapema katika ugonjwa wa Alzheimer, na ndiyo maana baadhi ya wazee wanaougua hupotea njia hata karibu na nyumbani.

Tena panya ni kiumbe mwenye hisia. Jaak Panksepp alianza katika miaka ya 1990 kuwatekenya panya kwa vidole, akasikia kwa chombo sauti ya mitetemo 50,000 hivi kwa sekunde. Sikio letu hukomea kwenye 20,000. Ni sauti ile ile wanayotoa wakicheza, nao walifuata mkono watekenywe tena. Mwaka 2011, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Chicago walimfungia panya mmoja ndani ya neli ndogo na kumwacha mwenzake nje. Yule wa nje alijifunza kufungua mlango na kumtoa mwenzake. Alipowekewa chokoleti katika neli nyingine, alifungua zote mbili, na mara kwa mara mfungwa alipata sehemu yake. Jamani, bwenini kwetu ni wangapi wanaogawana mandazi namna hiyo?

SWALI LINALOBAKI

Hapa ndipo tunapofika penye uzito. Tumemchagua panya kwa utafiti kwa sababu anafanana nasi: anajifunza, anaogopa, anacheza, anamjali mwenzake. Lakini kama anafanana nasi kiasi hicho, je, tuna haki ya kumtenda tupendavyo? Na kama hafanani nasi, mbona tunayaamini majibu anayotupa?

Wanasayansi wenyewe wamelikabili swali hili. Mwaka 1959 William Russell na Rex Burch walipendekeza kanuni tatu ambazo maabara nyingi duniani sasa hufuata: kutumia njia isiyohitaji mnyama kila inapowezekana, kutumia wanyama wachache iwezekanavyo, na kupunguza maumivu ya wanaotumiwa. Kwa maoni yangu, kanuni hizo hazimalizi swali, ila zinatukumbusha kwamba deni lipo. Mwenye kudaiwa na panya vitamini, dawa na ramani ya ubongo wake hawezi kumtesa kwa burudani. Kumchoma panya aliye mtegoni ili watu wacheke, kama ionekanavyo mara nyingine, si ushujaa. Kama ni lazima afe, na afe upesi.

Na je, yule aliye ghalani? Huyo tumfukuze bila huruma ya uongo, ila tumfukuze kwa akili. Panya hakuja kwa sababu anatuchukia. Alikuja kwa sababu tulimwita. Makombo chini ya kitanda ni barua ya mwaliko. Sanduku lenye mkate usiofunikwa ni karamu. Pipa la taka lisilo na kifuniko ni hoteli, na tundu lililo chini ya mlango wa bohari ni lango kuu. Kutega sumu huku hayo yote yakibaki ni kutwanga maji kinuni. Alberta walishinda kwa kukagua na kushirikiana kila mwaka. Hanoi walishindwa kwa kuhesabu mikia. Basi viranja, wapishi na sisi wa mabwenini tuchague tutakuwa akina nani.

Almuradi, wapenzi wasomaji, mnyama tuliyemdharau ametupita katika mambo mawili matatu: hali kitu kipya kabla ya kukichunguza, hujifunza kutoka kwa mwenzake, na akimwona mwenzake amefungwa, humfungulia. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Leo mkuu amekuja na mkia mrefu na masharubu; tumsikilize, kisha tuzibe tundu la bohari.